Eda ya Ghorofa ya Nne

Ubao ule uliwekwa njia panda, pale barabara ya kutoka kiwanja cha ndege inapoingia Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na ulikuwa mkubwa kuliko nyumba nyingi zilizokuwa nyuma yake. Ulionyesha jengo jeupe la ghorofa sita limesimama peke yake juu ya majani mabichi. Majani yale yaliteremka taratibu mpaka kwenye maji. Kati ya jengo na bahari hapakuwa na bati, wala ukuta, wala moshi; palikuwa na mwanamke mmoja tu, mgeni, mwenye nguo nyepesi, ameshika bilauri ya maji ya machungwa na kutazama mbali. Chini yake paliandikwa kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili: Ghuba ya Tungue miguuni pako. Utulivu. Faragha. Majirani wa kuchagua.

Baba mkubwa ndiye aliyenipeleka kuutazama. Ni mume wa dada wa mama yangu, na hao wawili ndio walionilea. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mikindani, na maisha yake yote alivusha bidhaa huku na huko: saruji, sukari, vitenge, betri za redio. Mimi wakati huo nilikuwa nikiishi Pemba, makao makuu ya jimbo letu, nikiandika na kusomeana na wenzangu tuliyoyaandika, na kila nilipokuja nyumbani alipenda kunionyesha kitu kipya kabla sijavua viatu. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, kisha akanyoosha kidole kwenye majani.

"Nyumba yetu ingekuwa hapa," alisema. "Msikiti hapa. Vichanja vya samaki hapa. Wametupandia majani sote, na bado tunapumua."

Nikacheka, kwa sababu yeye alicheka. Njiani aligeuka nyuma kuutazama tena.

Mtaa wenyewe, ule uliofunikwa na majani ya rangi, uko kati ya soko na pwani, na hauna utulivu wa kumuuzia mtu. Alfajiri unaamshwa na adhana, halafu na michi, halafu na ugomvi wa bombani. Samaki wa kukaushwa hunuka mpaka ndani ya sanduku la nguo. Nyua zimefunguliana, mtu akitaka kwenda sokoni hukata katikati ya ua wako, akakuta unasuka nywele, akakupa habari, akachukua chumvi, akaenda. Kwetu mtu anapopiga hodi huwa ameshaingia. Hodi yetu haiombi ruhusa, inatoa taarifa tu.

Vilipokuja vita tulitawanyika wote. Baba mkubwa na mama mkubwa walikwenda Mtwara kwa mtoto wao wa kwanza. Waliporudi waliikuta nyumba ina kuta bila paa. Aliezeka upya, akanunua mlango, akanunua kitasa, lakini usingizi haukurudi pamoja na bati. Alikuwa akikaa kitini nyuma ya mlango mpaka kunakucha, na mama mkubwa akijifanya amelala ili asimwaibishe.

Ndiyo sababu aliyasoma maneno ya ubao kwa namna yake. Walioyaandika walidhani wanamsemesha mtu asiyetaka kuonekana anapopumzika. Yeye alikuwa mtu asiyetaka kupatikana. Walimpa picha ya bahari, naye akaona ukuta, geti, mlinzi, na ngazi ndefu ambayo mtu hawezi kuipanda bila kusikika. Aliitoa nyumba ya mtaani kwa wenye jengo, wakaigeuza ghala la saruji, naye akapewa nyumba ya ghorofa ya nne yenye veranda. Mama mkubwa hakupinga. Aliniambia kwenye simu kwamba mumewe amelala usiku kucha, akikoroma, kwa mara ya kwanza tangu warudi, na kwamba yeye ndiye sasa asiyelala, kwa kuwa hasikii mtu.

Hakukoroma siku nyingi huko. Masika yalipoanza alishikwa na kifua, akafa asubuhi moja ya mvua, kitandani kwake, mlango umefungwa kwa vitasa vyote.

Nilifika wakati wameshamwosha. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo lifti haikufanya kazi, na hata ingefanya isingeweza kuchukua jeneza. Wanaume wa msikitini walijaribu kulipandisha kwa ngazi. Kwenye kona ya pili likakwama. Wakaligeuza, wakalisimamisha, likakwaruza ukuta mweupe, wakalirudisha chini. Mwisho walimteremsha baba mkubwa ndani ya mkeka, mikono chini ya mkeka, migongo imeegemea ukuta, wakiambiana kwa sauti ndogo wapi pa kukanyaga. Hakuna aliyesema neno baya juu ya jengo. Walipofika chini, mmoja aliketi kwenye ngazi ya mwisho akafuta uso kwa kofia yake, akasema tu, "Alitupa kazi, mzee."

Baada ya hapo ikaanza eda.

Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Huvaa nyeupe, hapaki hina wala uturi, hatoki bila dharura. Na hukaa palepale kifo kilipomkuta akiishi na mume wake. Lakini maneno hayo yalipotungwa na wazee wetu, palepale palikuwa mahali penye watu. Mjane hatoki kwa sababu watu wanaingia. Asubuhi huletewa uji, adhuhuri huletewa mchuzi, alasiri wanawake hutandika mikeka uani wakamzunguka, wakazungumza ya bei ya unga na ya waume wasiojua saa ya kufunga duka, naye akisikiliza. Hata akilia, analia kati ya mabega ya wenzake. Ndivyo anavyovushwa.

Getini palikuwa na kanuni. Wageni wawili kwa nyumba, si zaidi. Kila mmoja aonyeshe bilyete, kitambulisho chake. Kusikaliwe ngazini, mikeka isitandikwe kwenye ujia, mkaa usiwashwe veranda, nguo zisianikwe nje. Siku ya matanga waliruhusu watu, kwa heshima. Kesho yake kanuni ilirudi. Wanawake walikuja kundi, kama wanavyokuja msibani, na wakarudishwa kundi. Mlinzi, mtu mzima wa kijiji cha Mbau mwenye sauti ya upole, aliwaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyejenga ukuta. Wengi hawakuwa na bilyete. Ziliungua au zilipotea wakati wa kukimbia. Waliokuwa nazo waliona aibu kupanda wawili peke yao na kuwaacha wenzao barabarani. Basi wakaacha kuja.

Nilibaki naye. Nilipika, yeye akaonja na kuweka chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwepesi wa kutania, na sasa siku iliweza kupita amesema mambo mawili, yote ya chumvi. Kulikuwa na bahari, kweli, kama ubao ulivyoahidi. Ilijaa dirishani kutwa nzima. Yeye aliipa mgongo, akakaa upande mwingine wa veranda, ule unaotazama mtaa, na macho yake yakazunguka juu ya mabati.

Mwanawe alipiga simu kutoka Mtwara kila jioni. Mimi ndiye niliyepokea. Alisema mama atakauka huko juu, kwamba atakuja kumchukua, kwamba Mwenyezi Mungu anajua dharura. Nilipomfikishia mama mkubwa maneno hayo alitikisa kichwa. Aliogopa kitu kimoja tu, na aliniambia mara moja, bila kurudia: mumewe aliishi miaka yake ya mwisho kwa woga wa kuondolewa nyumbani kwake, na yeye hataondoka kwake kabla hajammalizia haki yake. Lakini chakula hakikushuka, na niliona mifupa ya mikono yake. Nilijua kwamba mwana akija akamkuta hivi, atamchukua, na sitakuwa na neno la kumzuia.

Aliyevunja kimya alikuwa jirani yetu wa zamani, mwanamke wa Kimwani, kabila la pwani yetu, anayeuza vitumbua, ambaye ua wake uligusana na wetu. Upande wa veranda yetu jengo lilisogezwa mpaka ukingoni mwa kiwanja, na nje ya ukuta kuna kichochoro. Alasiri moja tukasikia sauti kutoka huko chini.

"We wa juu! Umelala au umekuwa Mreno?"

Mama mkubwa hakujibu, maana mwanamke wa eda hapazi sauti barabarani. Lakini aliinuka, akaenda ukingoni, akajionyesha. Jirani alikuwa amebeba furushi la miyaa, makuti ya mkindu yaliyochanwa na kutiwa rangi, zambarau na nyekundu. Alisema amelichoka, vidole vyake vina mafuta ya vitumbua, na atafurahi kama kuna mtu asiye na kazi. Nikateremsha kikapu kwa kamba.

Kusuka ukili ni kazi isiyokatazwa kwa mjane. Unasuka utepe mmoja mrefu, mwembamba kama kiganja, ukirefusha kwa miyaa mipya, na ukishakuwa mrefu wa kutosha unashonwa kwa kuzungushwa, upande kwa upande, mpaka uwe mkeka. Kwa kawaida anayesuka huuviringisha ukili wake miguuni. Mama mkubwa aliutupa nje ya veranda. Sikuelewa mpaka siku kadhaa baadaye, uliposhuka mbele ya ghorofa ya tatu, ukapita ya pili, ukavuka ukuta na kugusa kichochoro. Jirani akaushika, akakaa chini, akatoa sindano, akaanza kushona.

Toka siku hiyo wakawa wengi pale chini. Walitandika mikeka ya zamani kichochoroni kila alasiri, wengine wakishona ukili ule ulioshuka, wengine wakimenya mihogo, na wote wakizungumza kwa sauti ya kufika ghorofa ya nne. Yeye alisuka bila kusema. Walipofika pa kuchekesha niliona ukili ukitetemeka. Walipokawia kushona aliuvuta kidogo, na jirani akafoka kutoka chini, "Taratibu, mwajiri!" Alianza kula. Hakula vingi, lakini alimaliza alichopewa. Ukili wenye rangi ya zambarau ulining'inia kwenye jengo jeupe kama mshipa, na nilipotoka kwenda sokoni niliweza kuliona dirisha letu kutoka mbali.

Si mimi peke yangu niliyeliona. Jumamosi zilikuwa siku za wanunuzi. Waliletwa kwa magari, wakaonyeshwa bwawa la kuogelea ambalo bado halikuwa na maji, wakapandishwa ghorofa ya sita ambako bahari ni kubwa zaidi. Baada ya Jumamosi moja meneja akaja kwetu. Alikuwa kijana wa Nampula, mbali na kwao kama wengi siku hizi, mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizungumza Kireno nami nikafasiri.

Alisema hakuja kwa ubaya. Wanunuzi wameupenda sana utepe ule. Wameuliza ni nini, wamepiga picha. Wenye jengo wameona picha hizo na wana wazo: ubao mpya, wenye uhai zaidi. Wanawake wangeruhusiwa kuingia Jumamosi, hata ishirini, wakaketi kwenye majani karibu na bwawa, wamejifunga kapulana nzuri, wakishona. Mama angebaki verandani kwake, angepigwa picha kwa mbali, uso usionekane. Aliyasema haya akinitazama mimi, kwa sababu alikuwa amesikia naandika, na akaongeza kwamba huenda ningependa kuwatungia maneno ya Kiswahili.

Niliyafikiria maneno hayo. Kazi yangu ni sentensi, na najua sentensi moja fupi inavyoweza kufagia mtaa mzima na ikaacha majani. Kumbe inaweza pia kuurudisha mtaa uleule, uliofuliwa na kupigwa pasi, siku za Jumamosi. Nilimfasiria mama mkubwa kila kitu, pamoja na lile la wanawake ishirini. Mikono yake ilisimama. Nilijua alivyowataka wanawake wale.

"Na siku nyingine?" aliuliza.

Siku nyingine, alisema meneja, kanuni ni ileile.

Akaitazama miyaa iliyokuwa mapajani.

"Mwambie nina msiba," alisema. "Msiba hauna Jumamosi. Na ukili huu ni wa eda yangu, si wa kutazamwa."

Meneja alielewa kabla sijafasiri. Nadhani msiba unafahamika kwa uso. Alisimama. Akasema, kwa taabu, kwamba kama ni hivyo basi hana budi kutaka ukili uondolewe, kwa kuwa hakuna kinachoruhusiwa kuning'inia nje ya jengo. Angefumba macho kama wenye jengo wasingeona picha. Mama mkubwa hakubishana. Aliomba kisu. Aliukata ukili kwenye ukingo wa veranda, akauachia, nao ukaanguka wote upande wa kichochoro, juu ya mapaja ya wanawake.  Kisha nikamsikia jirani akiuliza, si kwa sauti ya utani, "Amefanya nini?"

Jioni hiyo hakula. Mwanawe alipopiga simu nilisema mama amelala, naye akasema atakuja wiki ile.

Kesho yake baada ya adhuhuri kengele ya mlango ililia. Nilifungua nikamkuta jirani, anahema, na nyuma yake mwanamke mwingine mwenye sufuria kichwani. Waliingia bila kungoja, wakakumbatiana na mama mkubwa, wakakaa. Hawakukaa sana. Jirani alitazama jua, akamgusa mwenzake goti, wakaondoka. Mlango haujapoa kengele ikalia tena: wawili wengine.

Baadaye nilisikia yaliyotokea getini. Jirani alimwuliza mlinzi kanuni inasema wangapi. Wawili, alijibu. Na wawili wakishuka? Mlinzi akafikiri, akasema hapo nyumba itakuwa haina mgeni, na wawili wengine wanaweza kupanda. Basi, alisema jirani, tutakwenda kwa zamu, kama bombani. Wasio na bilyete waliazima ujasiri wa wenye nazo, wakapanda nao, na mlinzi akakubali kitambulisho kimoja kwa wawili. Wengine walikuwa wameshapata mpya, na walikuwa wakisubiri tu kuitwa. Walipanga mstari kutoka getini, kando ya ukuta, mpaka ghala la saruji lililokuwa nyumba yetu. Wawili wanapanda, wawili wanashuka. Anayeshuka anamwambia anayepanda mahali mazungumzo yalipoishia, ili yasianze upya.

"Mamã, mtanitoa kazini," alilalamika mlinzi.

"Hatukutoi," alisema jirani. "Kazi yako ni kufungua geti. Tunakupa kazi."

Hivyo ndivyo mama mkubwa alivyopata watu wake, vipande vipande, kila alasiri, kwa utaratibu wa jengo lenyewe. Ghorofa ya tatu waliishi fundi wa mitambo na mkewe, watu wa Maputo, ambao hatukuwahi kusemezana nao. Mwanamke yule alifungua mlango siku moja kuona ni viatu gani hivi visivyokoma ngazini. Alipewa habari, na siku ya pili akapanda, mikono mitupu, akiuliza kama na yeye asimame kwenye mstari. Wanawake walipanda na ukili ule, wakaushona ndani, kila mmoja hatua yake, na mkeka ukakua kwenye sakafu ya sebule. Meneja aliiona foleni. Alisimama dirishani kwake akaitazama, akarudi mezani. Sijui kama alikosa kanuni ya kuizuia au alikumbuka kwao.

Mwana alikuja Jumamosi. Hakutuarifu siku. Alikuwa amevuka Ruvuma alfajiri, akiwa na gari la kukodi la kumchukua mama yake, na begi tupu la kutia nguo zake. Getini aliambiwa kuna wageni wawili juu, asubiri. Alisema yeye si mgeni, ni mtoto. Mlinzi alimwomba radhi, akamwonyesha mwisho wa mstari. Nilimwona kutoka verandani: mtu mnene mwenye duka lake, kofia ya darizi, begi tupu mkononi, amesimama nyuma ya mwanamke mwenye chungu cha mchuzi wa pweza. Magari ya wanunuzi yalipita kando yao polepole, vioo vimefungwa, na watu waliokuwa ndani waligeuza vichwa. Alisogea hatua, akasimama, akasogea. Wanawake walimjua tangu utotoni. Niliona wakimsemesha, kwanza kwa mzaha, kisha wamemsogelea. Kuna wakati aliweka begi chini akafuta macho.

Ilipofika zamu yake alipanda na mwanamke wa mchuzi. Aliingia akiwa amevua kofia. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, nyeupe tupu, mwembamba, sindano mkononi, na midomo yake ilikuwa na mafuta ya kitumbua.

Alimtazama mwanawe, akatazama begi.

"Umekuja kunichukua?"

Alipiga magoti, akamshika mkono akaubusu. Alilisukuma begi nyuma yake.

"Nimekuja kukuona, mama."

"Basi kaa," alisema, akamsogezea sahani. "Lakini usikae sana. Wenzako wanangoja chini."